Mti wa Chini ya Changarawe

4 Novemba

Leo nimegombana na jani, na jani limeshinda.

Kama kuna atakayeliokota daftari hili, ajue kwamba kazi yangu ni kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu. Mmea mmoja karatasi moja, lebo pembeni, halafu kabatini ukae hata miaka mia mbili. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Wasomi wanakuja na kuondoka, mimi na gundi yangu tupo. Ndiyo maana humu ndani naitwa Mama Gundi, na sasa hata mume wangu ananiita hivyo akitaka kunichokoza.

Daktari wetu mpya wa mimea ni msichana wa rika la binti yangu, kila saa mbiombio kama ameacha chungu jikoni. Wiki iliyopita alileta furushi kutoka kile kilima cha changarawe kando ya barabara kuu, nyikani, ambako moto ulipita mwezi wa tisa. Kwenye lebo ameandika jina la kichaka cha kawaida, kile kinachoota kila mahali. Kichaka hicho nimekibandika mara mia tatu au zaidi, na siku zote kikikauka majani yake huwa meusi kama chai iliyolala. Haya yamebaki ya kijani. Nimeyageuza, nimeyanusa, nimeyaweka chini ya lenzi. Ya kijani tu.

Nikamwambia, "Daktari, huyu siye."

"Labda yalikaushwa vibaya, Mama Gundi."

"Na aliyekausha ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Haya basi."

Akacheka, akaenda zake. Mimi nimeyarudisha kwenye magazeti yake bila kuyabandika. Ni mara ya kwanza kugoma tangu niajiriwe.

5 Novemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Bado nimegoma.

7 Novemba

Mume wangu, fundi wa kushona, amelalamika kwamba gazeti la juzi limekatika katikati ya habari ya mpira, nusu nyingine nimeikaushia majani. Nikamwambia timu yake ilifungwa. Amenuna mpaka chakula cha jioni.

9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Daktari aliingia chumbani kwangu bila shikamoo, na huyu mtoto hajawahi kukosa adabu hata siku moja. Akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye hadubini. "Tazama, Mama. Tazama kisha uniambie unaona nini."

Alikuwa amelilowesha ua moja kwenye maji moto, akalipasua kwa sindano. Kichaka cha kawaida hutoa chavua kupitia mpasuko mrefu, kama ganda la kunde linavyofunguka. Huyu ana vitundu viwili juu, vidogo mno, kama vya kichupa cha chumvi mezani.

"Vitundu," nikasema.

"Vitundu!" akapiga kelele. "Nimepekua vitabu vyote, Mama. Nimepekua makabati yote. Hayupo! Huyu hayupo duniani!"

"Yupo kwenye magazeti yangu," nikamwambia.

Tukakumbatiana, yeye na koti lake jeupe, mimi na gundi yangu. Koti limeharibika. Spishi mpya! Nimefanya kazi robo karne na mimea iliyokwisha kupewa majina na watu wengine. Leo mmoja amepita mikononi mwangu akiwa hana jina, na mimi ndiye niliyesema siye. Nimerudi nyumbani nikiimba njia nzima. Fundi akauliza kama tumeongezwa mshahara.

15 Novemba

Kilimani. Ni mara ya kwanza kutolewa nje ya chumba changu kwa gari la ofisi, nami nilivaa viatu vya kanisani, kosa kubwa. Kilima chenyewe si kirefu, unakipanda kabla hujachoka. Changarawe nyekundu, majivu ya moto, na katikati ya majivu vijiti vya kijani vinavyofika magotini, vyenye maua ya manjano kama vifungo vya shati. Daktari amehesabu mashina mia mbili na kumi na mawili. Kwingine kote nyikani, hakuna. Ametembea siku sita, hakuna.

Sasa habari mbaya. Kilima hicho ndicho ofisi ya barabara imekipangia kuchimbwa changarawe mvua zikiisha, mwisho wa Februari. Daktari alikwenda kwa afisa wao. Mtu mstaarabu, anasema, alimpa hata kiti. Lakini akamwambia, "Dada yangu, mmea usio na jina nitauandikaje kwenye ripoti? Niletee barua ya jarida kwamba umekubaliwa na una jina, nami nitahamisha machimbo. Bila barua, greda inapanda."

Kwa hiyo tuna hadi mwisho wa Februari. Ili jarida liukubali lazima tuueleze wote, jani, shina, ua dume, ua jike, tunda. Mpaka sasa tuna jani, shina na ua dume.

28 Novemba

Maua dume tu.

2 Desemba

Maua dume tu. Mvua kubwa.

6 Desemba

Dume, dume, dume. Fundi anasema ni kama kambi ya jeshi.

11 Desemba

Leo nimemtolea Daktari uvivu, na imekuwa heri.

Nilikuwa nabandika sampuli ya kumi na saba kutoka kilimani nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu mwezi mzima. Zote zimekatwa chini kwa mkasi, sawasawa, ukingo safi. Ndivyo wanavyofunzwa chuoni, kata usawa wa ardhi ili ienee kwenye karatasi. Nami ndivyo nilivyowapenda siku zote wale wanaokata safi, hawanichafulii meza kwa udongo.

"Daktari, mimi nabandika watu wasio na miguu."

"Mizizi haitusaidii, Mama. Ni mizizi tu."

"Umeiona?"

Ana kiburi huyu mtoto, lakini akishikwa anashikika. Saa tano tulikuwa garini.

Tumechimba kwa kijiko cha chakula na brashi ya rangi, tukipiga magoti kama watu wanaotafuta pete. Shina la kwanza lilishuka chini kidogo, kisha likalala, likawa nene kama mkono wangu. Tukalifuata. Likakutana na la pili. La pili na la tatu yakaungana na kitu kinene kama paja, gamba gumu, kimelala chini ya changarawe na kutoa vijiti huku na huku. Tulifuata matawi yake mpaka mvua ikatufukuza, na kila shina tulilogusa lilirudi palepale.

Huu si uwanja wa vichaka. Ni mti. Mti mzima, mkubwa, pengine umri wake unampita babu yangu, umelala chini ya ardhi ambako moto haufiki, na hivi tunavyoviona juu ni ncha za matawi yake. Niliruka! Kwa umri wangu na magoti yangu niliruka pale kwenye matope nikapiga vigelegele, dereva wa ofisi akadhani nimeumwa na nyoka.

Kisha nikamtazama Daktari. Alikuwa amekaa chini, matope mpaka kiunoni, hacheki.

"Mama," akasema, "nilihesabu mia mbili na kumi na mawili."

"Ndiyo."

"Ni mmoja."

Ndipo nami nikaelewa. Mmoja, na ni dume. Dume mmoja duniani, hana mwenzake.

12 Desemba

Tumefukia kila tulichochimbua.

24 Desemba

Daktari hajaenda kwao likizo. Anazunguka nyikani na mvua, peke yake na dereva. Niliwahi kuandika humu kwamba ana haraka. Nafuta. Ana hofu, na anaikimbia kwa miguu.

6 Januari

Nimetukana mtu leo. Matusi yenyewe siyaandiki.

Tulipofika kilimani tulikuta greda. Kubwa, ya manjano, imeshakwangua ukanda mrefu upande wa pili wa kilima, nyuma ya njia ya zamani ya magari. Nilishuka kabla gari halijasimama. Nikasimama mbele ya mashine nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kwamba bado siku hamsini, kwamba afisa aliahidi, kwamba aliyeishika mashine ni muuaji na mama yake angejua angelia. Dereva wa greda, mtu mzima, mnene, kofia ya sufi kichwani hata kwenye joto, alizima mashine akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimetumwa kupima kina cha changarawe, mama. Ukanda mmoja tu. Karatasi hii hapa."

"Karatasi yako peleka kwa waliokutuma!"

Akaikunja, akairudisha mfukoni. Daktari alinivuta mkono.

7 Januari

Nimeshindwa kula. Siyo huzuni. Leo ni ile hali ya tumbo kujaa furaha mpaka chakula hakina pa kukaa.

Saa nne asubuhi mlango wangu uligongwa. Alikuwa yule dereva wa greda, ameshika ile kofia ya sufi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo mama wa jana," akasema, ingawa tunakaribiana umri, na nikajua ananitania. "Sikuja kugombana."

Ndani ya kofia kulikuwa na kipande cha gamba, na juu ya gamba, yamejishika kama kupe, maua matatu. Ya zambarau iliyoiva, hayana petali, kila moja kama punje ya haragwe. Katikati yake unatoka ulimi mdogo wenye nta.

"Jana, kabla hamjafika, kisu kilikwangua kitu kigumu," akasema. "Nikashuka kuangalia. Mti, chini ya ardhi! Nimeendesha greda miaka kumi na tisa, nimeng'oa visiki vya kila aina, sijaona mti unaotoa maua udongoni. Ndiyo maana nilikuwa nimeinua kisu. Ulipofika nilikuwa narudi nyuma, si kwenda mbele."

Kwa hiyo nilimtukana mtu aliyekuwa anarudi nyuma.

Nikamwita Daktari kwa kelele. Alikuja mbio, akaangalia kwenye kofia. Akachukua lenzi. Akaangalia tena. Kisha akamkumbatia dereva wa greda, kofia na maua katikati, mpaka nikalazimika kumwambia aangalie asije akayaponda.

Jike! Ameyaficha maua yake chini ya udongo, kina cha kidole kimoja, na sisi na mikasi yetu tungekata juu yake miaka mia bila kumwona. Juu ana vijiti vyenye majani tu. Daktari anakiri kwamba alivipita zaidi ya mara moja akaviandika kama machipukizi machanga.

Nilimwomba radhi dereva. Nilisema sawasawa, nikitaja kila tusi kwa jina lake.

"Lile la tatu lilinichoma," akasema. "Mengine nimeyazoea kazini."

Tumempa jina, Bwana Greda. Amelikubali.

8 Januari

Wote watatu kilimani. Jike naye ni mmoja. Kisu kimemchubua urefu wa mkono, lakini kigogo kizima. Maua yaliyobaki juu yake ni kumi na moja. Kutoka kwake hadi kwa dume ni hatua tisini, na katikati kuna ile njia ya zamani, udongo ulioshindiliwa na magari kama saruji. Daktari anadhani zamani sisimizi walibeba chavua chini kwa chini. Kwenye njia ile sisimizi hapiti.

"Basi tubebe sisi," akasema Bwana Greda.

Tatizo ni kwamba maua dume yanaelekea kuisha. Tumeyakata sana. Kumi na saba kati ya matawi mazuri kabisa yako kabatini kwangu, nimeyabandika kwa mkono wangu, yamekauka na hayafai kitu. Yaliyobaki hai kilimani ni maua matatu. Daktari alipoyahesabu alifunika uso kwa mikono. "Nimemkata mwenyewe, Mama." Nikamwambia wewe umekata, mimi nimebandika, twende kazini.

Nilichukua chavua kwa ncha ya brashi, ua la kwanza, la pili, la tatu, nikavuka njia nimeshika pumzi. Bwana Greda alinishikia mwavuli kukinga upepo. Nikagusa zile ndimi za nta moja moja, zote kumi na moja. Daktari akazifunika kwa udongo uliochekechwa.

Nilipomsimulia Fundi, aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo leo umekuwa mshenga?"

Nimecheka mpaka machozi.

19 Januari

Maua manne yameoza. Mvua ni nyingi mno.

25 Januari

Matatu zaidi. Jike ametoa kijani kwenye jeraha.

30 Januari

Daktari amepeleka maelezo kwenye jarida, jani, shina, dume, jike. Bwana Greda alitaka kujua jina. Ni la Kilatini, maana yake aliyelala chini. Akalirudia mara nne ili akawaambie watoto wake.

9 Februari

Limebaki moja. Mengine yote yameoza. Lakini hili limevimba! Kubwa kuliko kichwa cha kidole gumba, gumu, linang'aa. Tunda! Nilimwonyesha Bwana Greda akavua kofia.

17 Februari

Mhariri amejibu. Amesifu kila kitu. Anasema vitundu vile na ua lile la chini ni ajabu, anasema kazi ni safi. Kisha sentensi ya mwisho: maelezo ya tunda hayapo, tafadhali yakamilishwe, pamoja na mkato wa tunda na mbegu, ndipo uamuzi utolewe.

Mkato. Yaani lichumwe, lipasuliwe, lichorwe, likaushwe, libandikwe.

Mvua zimeanza kupungua.

18 Februari

Nimekaa saa nzima kabla ya kuandika haya.

Tulikwenda wawili tu. Daktari alikuwa na wembe, kikopo cha dawa na kipimo. Njiani alizungumza kwa sauti ya mwalimu, nami nilijua anajisemesha mwenyewe. Tukilichuma tunda, maelezo yanakamilika, jina linatoka, barua inakwenda kwa afisa, kilima kinapona. Tusipolichuma, huenda mhariri akakataa, na greda ikipanda hakuna dume, hakuna jike, hakuna tunda. Ukipiga hesabu, jibu ni kuchuma. Sikuwa na la kumpinga.

Akafagia udongo kwa brashi. Lilikuwa pale, limeiva upande mmoja, rangi ya kahawia na mistari.

"Ni mtoto wao wa pekee, Daktari," nikasema. Halafu nikajuta, kwa sababu haikuwa haki kumwongezea mzigo. Nikasema tena, "Amua wewe. Ukikata, nitalibandika vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kubandika, na sitakulaumu hata nikiwa kaburini."

Alishika wembe muda mrefu. Msichana ninayemfahamu mimi, yule wa Novemba, angekuwa amekwishakata na yuko njiani kurudi. Akapima tunda bila kuligusa, urefu, upana. Akapiga picha. Akaandika rangi na mistari. Kisha akafunga wembe kwenye karatasi, akaanza kurudisha udongo kwa vidole, kidogokidogo, mpaka likafunikwa.

"Maisha yangu yote nimefundishwa kwamba kisichokatwa hakijulikani," akasema. Alikuwa analia na anacheka. "Kiburi changu, Mama Gundi, leo nimekiacha hapa."

Kwenye gari aliandika sentensi moja kwa mhariri na kunisomea: *Matunda: limeonekana moja, halikuchumwa, kwa kuwa ndilo pekee linalojulikana.*

20 Februari

Hakuna jibu.

23 Februari

Hakuna jibu. Jua kali. Bwana Greda ameambiwa atie mafuta mashine.

25 Februari

Leo ofisi ya barabara ilimwambia Bwana Greda apande kilimani. Amewajibu greda ina hitilafu. Nilimuuliza hitilafu gani. "Inaogopa mama mmoja," akasema.

27 Februari

Limekubaliwa! Limekubaliwa! Asubuhi, saa tatu na dakika kumi, Daktari alipiga ukelele uliotikisa vioo vya makabati, nikaangusha brashi, nikajua. Mhariri hakugusa hata koma. Amebakiza sentensi ile yote, na chini yake ameongeza neno moja la kwake: tutasubiri.

Afisa wa barabara alipokea barua kwa mikono miwili, akasoma jina kwa shida, akagonga muhuri. Machimbo yanahamia ng'ambo ya mto. Bwana Greda alipita mbele ya ofisi yetu na mashine yake akipiga honi kama kwenye arusi, mtaa mzima ukatoka nje kuangalia.

Mchana nilibandika sampuli kuu, ile ambayo dunia nzima itaitazama ikitaka kujua mti huu ni upi. Tawi la dume kushoto, majani ya jike kulia, kipande cha gamba chenye maua matatu kutoka kwenye kofia ya sufi. Desturi ni kwamba pembeni, chini, tunabandika bahasha ndogo ya kutia tunda na mbegu. Daktari alisema niiache, hakuna cha kutia. Nikakataa. Nimeikunja bahasha, nimeipaka gundi kingo nne, nimeibandika mahali pake, ikiwa tupu. Juu yake nimeandika kwa kalamu, kwa mwandiko wangu bora: *Yumo ardhini, yuko hai.*